Jinsi Nilivyompa Loreta Wiki ya Kimya

Jumanne, 2 Septemba

Kosa la watu wengi ni kudhani kwamba mapumziko huja yenyewe, kama mvua. Wanavuka bahari, wanavua viatu, wanangoja. Hayaji. Nimewatazama majirani zangu miaka yote. Wanatoka hapa Malta kwenda kisiwa kidogo cha Gozo na friji, feni, mito, chiriku ndani ya tundu, mama mkwe, na sufuria ya mchuzi wa sungura uliopikwa jana yake. Wanarudi wamechoka kuliko punda wa machimbo. Halafu wanasema walipumzika. Mapumziko ni kazi. Kazi inataka mpango, na mpango unataka kichwa. Hapa kijijini kichwa ni kimoja, na adabu inanizuia kusema ni cha nani.

Leo Loreta amenipa sababu ya kukitumia. Alikuwa anamimina kahawa. Akasema, bila kuniangalia, kwamba dada yake Pawlina amepiga simu tena kutoka Melbourne. Chumba kipo. Bustani ipo. Aende akae msimu wote wa baridi ya huku kwetu, na akipapenda, basi. Hiyo "basi" aliisema taratibu sana. Kisha akaweka birika chini.

"Salvu, mimi nataka wiki moja ya kimya. Moja tu. Nikiipata Gozo, nabaki. Nikiikosa, naifuata kwa Pawlina."

Nikamwambia aniachie mimi.

Akasema hicho ndicho anachokiogopa.

Sasa nieleze, kwa kuwa shajara ni ya siri na hakuna wa kuvimba kichwa akisoma. Nyumba bila Loreta siiwezi. Nimefundisha jiografia mpaka nikastaafu. Naweza kuchora ramani ya Australia nimefumba macho. Lakini chumvi yetu inakaa kabati gani, sijui. Kwa hiyo wiki ya kimya itapatikana, hata kama itabidi nipige kelele.

Ijumaa, 5 Septemba

Kijiji kimepatikana. Kiko upande wa magharibi wa Gozo. Sikukuu ya mtakatifu wao ilipita Julai, fataki zimelipuliwa, wapiga bendi wamerudi kwenye mashamba yao ya vitunguu. Mjinga hutafuta kijiji kizuri. Mwenye akili hutafuta kijiji kilichochoka. Nyumba ni ya mawe, mtaa mwembamba, roshani moja inayotazama mtaani. Nimeikodi kabla Loreta hajaiona, ili asisumbuke kuchagua.

Hatari ni moja tu: Wistin.

Wistin ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Mfamasia mstaafu, tumbo la askofu, mawazo ya kuku. Ni mtu wa klabu ya buluu. Sisi ni nyekundu. Kijiji chetu kina klabu mbili za bendi, kama vijiji vingine vya Malta, na zote mbili zinamheshimu mtakatifu yuleyule. Ndiyo maana hazisalimiani. Mimi nimepiga klarineti katika klabu nyekundu tangu ujana. Wistin hupiga tarumbeta kwa buluu, kama kitendo kile kinaweza kuitwa kupiga. Kukaa wiki nzima karibu na mtu huyu si mapumziko, ni malipizi ya dhambi. Na ana tabia ya kujitokeza. Mwaka juzi nilikwenda Lourdes kuhiji. Kwenye foleni ya maji ya baraka, mgongo wa nani mbele yangu?

Leo akachungulia juu ya ukuta, shavu limejaa tini. Akaniuliza mwaka huu Mwalimu anampeleka wapi bibie. Nikasema Sicily. Ragusa. Hoteli yenye bustani ya malimau. Nikaongeza bwawa la kuogelea. Wistin akameza tini nzima. "Sicily? Mbali hivyo? Na ni wiki nzima, una hakika?" Nikamhakikishia. Akashuka ukutani, nikamsikia akipiga mluzi hadi jikoni kwake. Wivu una sauti nyingi.

Loreta alikuwa anaanika nguo. Akasema kumdanganya jirani kuna malipo yake. Nikamweleza tofauti iliyopo kati ya uongo na mbinu. Nilieleza vizuri sana. Nilipomaliza, nguo zilikuwa zimekauka na yeye hakuwepo.

Jumanne, 9 Septemba

Mazoezi yameanza. Huwezi kumchukua mwanamke aliyefanya kazi maisha yake yote ukamtumbukiza kwenye utulivu ghafla. Moyo unaweza kushtuka. Nikampandisha juu ya paa, nikamweka kitini, nikamwambia akae.

Akakaa. Vibaya. Mabega juu, miguu imepishana. Nikamrekebisha mabega. Nikamweleza habari ya pumzi: ya kuingia fupi, ya kutoka ndefu. Nikamweleza kwa nini. Nikamweleza Wagiriki wa kale walisemaje kuhusu jambo hilo. Akaniomba nimletee maji ya kunywa. Niliporudi nikakuta mlango wa paa umekomewa, yeye yuko upande wa pili. Nikabisha kwa muda mrefu. Baadaye akasema hapo ndipo alipopumzika kuliko wakati wowote mwaka huu.

Kwa hiyo mazoezi yanafanya kazi.

Mizigo. Nimeipiga marufuku. Mfuko mmoja kila mtu, nguo nyepesi, basi. Loreta amefunga mfuko mmoja. Mimi nimefunga mfuko mmoja, na klarineti, na kinara cha kuwekea karatasi za muziki, na kipimahewa, na darubini, na birika langu la kahawa, na mto wangu, maana mito ya watu inajulikana. Hiyo si mizigo. Ni vyombo. Loreta akavitazama vyombo vilivyopangwa mlangoni, akauliza kimya kinahitaji klarineti ya nini. Nikamwambia: cha kukilinganishia. Mtu atajuaje kimya ni kimya kama hana sauti karibu?

Akaondoka akitikisa kichwa. Wanafunzi wangu wa viti vya nyuma walifanya vivyo hivyo, na wote sasa ni wanasiasa.

Jumamosi, 13 Septemba

Foleni ya feri. Mungu ameumba watu wa aina mbili: wanaopanga foleni na wanaofikiri. Magari yamejipanga mpaka nyuma ya kilima. Upepo wa kusini, wa moto, wenye unyevu, unanata shingoni kama shangazi. Mbele yetu mtu amefunga friji juu ya paa la gari, kama nilivyosema. Nikashuka. Nikamfuata mlinzi wa geti, nikamweleza kwa sauti ya chini kwamba mke wangu ana moyo. Huo si uongo. Kila mtu anao.

Mlinzi alikuwa mtu wa huruma. Hilo sikulitegemea. Badala ya kutupitisha akaita muuguzi, na muuguzi akaja na kiti cha magurudumu. Loreta akasema haumwi. Muuguzi akasema wagonjwa wa moyo wote husema hivyo, akamkalisha. Wakampima presha. Ikawa nzuri kabisa. Nikaanza kumweleza muuguzi namna bora ya kufunga kile kitambaa mkononi. Wakampima tena. Imepanda. Muuguzi akaniomba nisubiri nje. Nikauliza nje wapi. Akasema mbali kadiri nitakavyoweza.

Feri mbili ziliondoka tukiziangalia. Mwenye friji alitupungia mkono.

Loreta hakusema neno mpaka bandari ya Mgarr, upande wa Gozo. Nikahesabu hicho kuwa kimya cha kwanza cha wiki.

Lakini nyumba ni nzuri, hata adui angesema. Kuta nene, sakafu ya baridi, mtaa umetulia kama maji mtungini. Paka mmoja kizingitini. Kwa mbali, kengele ya kondoo. Loreta akavua viatu, akafungua mlango wa roshani, akasimama hapo bila kufanya lolote. Mabega yake yakashuka yenyewe.

"Salvu," akasema, "hapa ndipo."

Akanishika mkono. Hakuwa amenishika mkono tangu harusi ya mtoto wetu wa mwisho. Nikauacha mkono wangu hapo.

Kisha nikageuka kushoto. Roshani ya nyumba ya pili, umbali wa mkono. Taulo la buluu limetundikwa. Chini ya taulo, kiti. Juu ya kiti, tumbo. Nyuma ya tumbo, Wistin, amelala, mdomo wazi.

Jumapili, 14 Septemba

Nilimngoja nje ya kanisa baada ya misa. Akaniona, akakwama ngazini kama aliyeona mzimu.

"Mwalimu. Wewe si uko Ragusa?"

Nikasema hoteli imepata matatizo ya mabomba.

"Maskini. Na lile bwawa?"

Hasa lile bwawa. Akavua kofia, akajifuta jasho, na papo hapo mbele ya mlango wa kanisa akasema jambo ambalo mwenye haya asingelisema. Kwamba yeye na mkewe Stella wamekuwa na hamu ya Gozo muda mrefu, ila waliogopa watanikuta. Niliposema Sicily, wakaichukua nyumba jioni ileile. "Nilimwambia Stella, bahati kama hii haiji mara mbili. Usinielewe vibaya, Mwalimu, wewe mtu wa heshima. Lakini ukishaanza kueleza..." Akaishia hapo. Watu wa buluu hawamalizi kitu, hata muziki.

Ona mtu huyo. Mimi nasema uongo kwa nia njema, yeye anautumia kwa nia mbaya.

Wanawake nao hawana msimamo. Loreta na Stella wamebusiana kama waliopotezana vitani. Wameketi kizingitini kwa Stella na beseni la matunda ya mpungate, wanamenya, hawasemi kitu. Mchana kutwa. Nikapita mara kadhaa kuona kama wanahitaji mada. Mara ya mwisho Stella akaniambia, "Mwalimu, tunakwenda vizuri tu hivi hivi." Loreta akacheka. Ana kicheko kizuri. Sijui huwa anakificha wapi.

Sasa kuhusu taulo. Nilimwuliza Wistin, kwa upole, kwa nini la buluu. Akasema ndilo alilonalo. Kwa nini roshanini? Likauke. Alipoingia ndani kula nikajishikilia kwenye bomba la mvua, nikanyoosha mkono hadi upande wake, nikaligusa.

Kavu. Kavu kama hotuba za mwenyekiti wao.

Taulo lenye maji huanikwa. Taulo kavu ni bendera.

Jumatatu, 15 Septemba

Jibu limepatikana. Kwenye kasha la chumbani, chini ya mablanketi, nimekuta hariri nyekundu ya mwenye nyumba. Nzito, imetariziwa kwa nyuzi za dhahabu, ile inayotundikwa roshanini siku ambayo sanamu ya mtakatifu inapita mtaani. Hutoka kashani siku hiyo, hurudi kashani siku hiyo. Nyekundu hasa. Nikaitundika alfajiri. Ikafunika roshani yote mpaka chini, na taulo la Wistin likabaki kama kitambaa cha kufutia pua. Nikaingia ndani kupumzika.

Yaliyofuata ni makosa ya watu wengine.

Mkabala nasi anakaa Bibi Marjanna, mjane, mtu wa rozari na madirisha. Akafungua dirisha, akaiona hariri. Mwenye kufikiri angejiuliza: je, kuna taulo la buluu karibu? Yeye akafanya ishara ya msalaba, akaingia ndani, akatoka na ya kwake. Jirani yake akaona mbili. Aliyefuata akaona tatu. Nilipomaliza kahawa mtaa wote ulikuwa mwekundu hadi kona, na mama mmoja alikuwa anafagia barabara kwa hasira, akiwalaumu wenzake kwa kutomwambia mapema.

Bibi Marjanna akaniita kutoka ng'ambo. "We bwana wa Malta! Leo anapita nani?"

Ningemjibu nini? Taulo? Nikampa jibu la kiualimu: kwamba anayengoja kwa imani haulizi. Akashika kifua. Akakimbilia ndani, na kwa miaka yake sikudhani bado anaweza kukimbia, akampigia simu dada yake.

Kufikia mchana, kwa maneno ya mtaa, anayepita alikuwa Mama Maria wa kanisa kuu. Alasiri yalikuwa masalia ya mtakatifu kutoka Roma. Jioni niliposhuka kununua mkate, mwuza mkate akaninong'oneza kuwa ni Askofu mwenyewe, na kwamba mimi ni mtu wake, nimetangulizwa kwa siri kuangalia mtaa. Nikakana. "Sawa, sawa, hukuniambia kitu," akasema, akanikonyeza, akaniongezea vijibini viwili vya maziwa ya kondoo.

Niliporudi Loreta alikuwa amesimama roshanini. Akautazama mtaa. Akaitazama hariri. Akanitazama mimi.

"Itoe, Salvu."

Nikamweleza kwamba nikiitoa sasa nitaonekana sina msimamo. Akasema leo alikuwa amelala usingizi wa mchana kwa mara ya kwanza tangu watoto wazaliwe, na mafagio yamemwamsha. Kisha akasema, "Melbourne." Neno hilo tu, kama mtu anayetaja bei. Nikamwahidi kuitoa kesho, mambo yakitulia.

Jumanne, 16 Septemba

Hayakutulia.

Asubuhi Paroko, Padri Indri, akabisha hodi. Mtu mwembamba, macho ya mtu aliyesikia maungamo mengi na hakuna hata moja lililomshangaza. Akaniuliza kama ni mimi niliyetangaza maandamano. Nikasema sikutangaza. Nilitundika tu.

"Kwa nini?"

Nikampeleka roshanini nikamwonyesha taulo. Akalitazama kwa muda mrefu. Akamtazama Wistin, aliyekuwa amelala chini yake. Akauliza kama sisi wawili tunatoka kijiji kimoja. Nikasema ndiyo. Klabu mbili? Mbili. Akafumba macho. "Ee Mungu, mpaka huku."

Nikamshauri awatangazie watu kwamba hakuna kitu. Akanishika bega, akanigeuza nitazame chini. Viti vimetolewa nje. Mishumaa imepangwa kwenye madirisha. Bibi Marjanna amevaa nguo zake za Pasaka, mguu mmoja juu ya kigoda. "Yule ana goti bovu, Mwalimu, na amekaa pale tangu alfajiri. Shuka wewe ukamwambie ni taulo."

Nikatafakari. Nikasema labda maandamano madogo.

Kwa hiyo jioni ikatolewa sanamu ndogo ya Mama Maria, ile ya mwezi wa Mei. Padri akaniamuru nibebe taa ya mbele upande wa kulia. Upande wa kushoto akamweka Wistin. Anajua kuadhibu. Bendi ya kijiji ikaja pungufu, maana baadhi yao wako kazini Malta, na katika waliopungua alikuwemo mpiga klarineti. Sikujitolea. Nilitaja tu kwamba ninayo. Nilitaja mpaka wakanielewa. Taa nikamkabidhi mwuza mkate.

Nilipiga vizuri. Haya si majivuno, ni taarifa. Tulipofika chini ya nyumba yetu nikawaashiria wasimame, nikawaongoza katika wimbo wa gwaride wa klabu yetu, nyekundu tupu, na kwa kuwa hawakukataa tukaurudia. Wistin, kwa udogo wa moyo wake, akaiweka taa chini, akaingia kwake, akatoka na tarumbeta. Kumbe alikuja nayo. Mtu anayekwenda kupumzika na tarumbeta ana nia gani? Akapiga wa kwao. Tukamjibu. Akajibu. Padri Indri akanyanyua mkono kutuzuia, lakini hapo mpumbavu fulani alikuwa ameshakumbuka fataki zilizobaki Julai.

Madirisha yakatikisika. Mbwa wakahama. Paka sijamwona tena.

Katikati ya hayo mlango wetu ukafunguka, Loreta akatoka na mfuko wake mmoja. Nyuma yake Stella, na wa kwake. Nikashusha klarineti, nikamwuliza anakwenda wapi. Akainamia sikio langu akapiga kelele: kwa masista, kule kilimani, wana vyumba vya wageni. Nikasema vyema, nafunga vyombo. Akapiga kelele kwamba hawapokei wanaume. Kisha ukatokea mwanya kati ya fataki mbili, na maneno yaliyofuata yakasikika mtaa mzima:

"Salvu, siku ukizikwa, wafu wa jirani watahama!"

Watu wakacheka. Hata mpiga ngoma, ambaye kazi yake ni kuhesabu.

Ijumaa, 19 Septemba

Kimya. Hariri zimerudi makashani, taulo limerudi ndani, mtaa mtupu. Hali niliyoipanga hasa, na haina Loreta ndani yake.

Juzi Wistin alikuja kuuliza kama najua kiberiti kinakaa wapi. Nikamwuliza kama anajua chumvi. Tukatazamana. Tangu hapo tunakula mayai jikoni kwake, bila chumvi, upande mmoja mabichi na wa pili makaa. Hasemi kitu. Nilimwambia mayai yanavyopaswa kukaangwa. Akanisogezea sufuria, akaenda kukaa. Leo, katikati ya kula, akasema Stella huwa anaimba akiosha vyombo. Akasema nyumba imekuwa kubwa. Nikakubali, kisha nikakumbuka ni mtu wa buluu, nikakohoa.

Mchana nikapanda kilimani na kikapu cha tini. Getini kuna kidirisha, na nyuma ya kidirisha sista mwenye miwani minene. Nikaomba kumwona mke wangu. Akasema amelala. Nikasema ni mchana. Akasema ndiyo, amelala mchana. Na kesho? Akatafakari, akasema kesho pia anaona dalili za kulala.

Lakini geti lina upenyo, na mimi nina darubini. Hakuwa amelala. Alikuwa kwenye benchi la mawe na Stella, mikono mapajani, wanatazama shamba la vitunguu. Vitunguu vimeshavunwa, ni udongo tu. Hasomi, hafumi, haongei. Anatabasamu, na mbele yake hakuna mtu. Sijamwona na uso huo tangu alipokuwa msichana wa duka la nyuzi, nami napita kununua nyuzi nisizozihitaji.

Nikakaa pale kitambo. Ni kweli miguu yake ilikuwa imewekwa vibaya, damu haiwezi kuzunguka hivyo, na nikafungua mdomo nimwambie. Sista akafunga kidirisha kabla sijaanza. Tini alishazichukua.

Nikiteremka nikakutana na Bibi Marjanna. Akanibusu mkono. Akasema mwaka ujao maandamano yawe mapema kidogo, jua lisiwachome wazee. Nikasema hakuna maandamano ya mwaka ujao. Akanicheka. "Haya mambo ya kale sana, mwanangu. Mama yangu alikuwa akinisimulia." Kwa hiyo nimeanzisha mapokeo. Wanaume wengine huondoka Gozo na sabuni ya zeituni.

Jumatatu, 29 Septemba

Nyumbani. Loreta amerudi kutoka kwa masista amenawiri, hatua nyepesi, anaimba wimbo usio na maneno. Kila mtu ameona. Mchinjaji ameniuliza nimemfanyia nini mke wangu. Nikamwambia: mpango.

Leo, tukichambua maharage, akanishukuru. Akasema kweli, kimya alikipata Gozo, na sasa anajua ladha yake. Nikamwambia karibu tena. Kisha akasema tiketi imeshanunuliwa. Anakwenda kwa Pawlina mwezi ujao, mpaka Pasaka.

Nikamkumbusha makubaliano. Alisema akikipata Gozo anabaki, amekipata Gozo, anabaki. Hoja safi, haina tundu. Loreta akaendelea kuchambua. "Nilikipata Gozo, Salvu. Nilikipata ulipokuwa upande wa pili wa geti." Akanyoosha mkono akanitengeneza kola. Akasema Pasaka atarudi, asinione nimekonda. Kila Jumapili atapiga simu. Stella atanifundisha kupika vitu viwili vitatu, na chumvi iko kabati la kushoto, rafu ya chini, nyuma ya unga. Sauti yake ilikuwa ya upole kiasi kwamba ilinibidi niende kutazama kipimahewa.

Nimelitafakari jambo hili, na kosa nimeliona. Kosa lilikuwa la kisiwa. Gozo ni padogo mno kwa mpango wa ukubwa wangu. Kila ukinyoosha mkono unagusa taulo la mtu. Australia ina nafasi. Kwa hiyo nitakwenda pia. Sitamwambia. Nitafika baada ya wiki moja au mbili, atakapokuwa ameanza kupumzika vibaya, nimrekebishe. Nimempigia simu shemeji yangu, mume wa Pawlina, nikamwapisha asiseme. Alinyamaza muda mrefu kwa furaha. Nikamwuliza habari za Wamalta wa kule, akakiri kwamba wana bendi, na kwamba haina klarineti.

Kimebaki kikwazo kimoja kidogo. Pasipoti yangu haionekani. Ilikuwa kwenye droo ya juu, haimo. Loreta, anayejua kila sindano ya nyumba hii ilipo, anasema hajaiona, na alisema hivyo kabla sijamaliza kuuliza. Umri, maskini. Stella amekuja kusaidia kutafuta. Wametafuta kwa bidii, hasa bustanini, hasa mahali palipolimwa karibuni, na kila nikikaribia wananituma dukani.

Msafiri wa kweli hujiandaa mapema. Wewe unayetaka kupumzika, usingoje kama mimi: leo hii, fungua droo, itafute pasipoti yako.